Warushaji Aliowatoa Kocha

Timu kubwa ya besiboli ya mji huu ikimuuza mrushaji, na huyo mrushaji akifika alikouzwa akaanza kuwanyoosha wapigaji, Kocha alikuwa anakasirika kana kwamba amedhulumiwa yeye. Alikuwa anasimama katikati ya ukumbi wa parokia, kikombe cha chai mkono mmoja, mwingine anainyooshea televisheni kidole. "Huyu kijana hapa alikuwa hafai, kule anafaa? Mkono si ni uleule? Basi mwenye kosa ni kocha wa hapa! Afukuzwe leo, kabla hajala chakula cha jioni!" Watu walicheka na kumuunga mkono. Mimi nilikuwa nakaa karibu na mlango wa jiko, naangalia chai yake inavyomwagikia kwenye sosa.

Maana Kocha naye alikuwa na timu. Niliichezea miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo kila mrushaji aliyemtoa akamwachia kocha mwingine alikwenda kung'aa huko. Simsemi mmoja wala wawili, nawasema wote. Mimi ndiye pekee ambaye hakunitoa. Leo bega langu la kulia haliinui hata sahani kuiweka kabati la juu, na Rehema, mke wangu, ndiye anayeipokea mkononi mwangu na kuiweka. Kwa miaka mingi nilikuwa na swali moja tu, kama kosa lilikuwa langu au la Kocha. Sasa parokia inataka kumfanyia tafrija ya kumuaga, na wameniomba mimi, mtu wake wa karibu, niandike maneno mazuri. Haya ndiyo niliyo nayo.

Kwa asiyeijua besiboli, mrushaji ndiye anayesimama kwenye tuta katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji wa timu ya pili. Akirusha vizuri, mpigaji anapunga gongo hewani anarudi kukaa. Akirusha vibaya, mpira unapigwa na kupaa juu ya uzio na mrushaji anabaki ameshika kiuno. Ligi yetu ilikuwa ya Jumamosi, timu za makanisa, misikiti na sehemu za kazi. Uwanja wetu ulikuwa Downsview, kaskazini mwa mji huu wa ughaibuni, nyuma ya maghala, karibu kabisa na ghala nililokuwa nafanyia kazi ya kupakia mizigo.

Kocha alikuwa Mgoa wa Dar es Salaam, mtu wa asili ya Kihindi, karani mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alivaa suruali nyeupe ya kriketi hata siku za matope. Hakukaa kwenye benchi na wachezaji. Alikuwa na kiti chake cha kukunja, na pembeni yake kikapu chenye machungwa, kisu kidogo, chumvi na pilipili ya unga. Mchezo ukiendelea yeye anamenya. Ganda lilikuwa halikatiki, linashuka refu mpaka kwenye nyasi. Ukirusha vizuri unapewa kipande kilichopakwa pilipili, ukirusha vibaya anakila mwenyewe anakutazama. Nimeona wanaume wenye watoto na mikopo ya nyumba wakisononeka kwa kukosa kipande cha chungwa, na mimi nilikuwa mmojawapo.

Kanuni yake ilikuwa moja. Mkono wa mrushaji lazima upite juu kabisa, wima, umenyooka, ukigusa sikio. "Sikio!" alikuwa anapiga kelele kutoka kitini. "Sikio, kijana! Sikio!" Wote tulikuwa vijana, hata fundi bomba mmoja aliyekuwa na wajukuu. Baada ya mazoezi alikuwa anatupanga mstari anatukagua masikio. Sikio likiwa jekundu, ulifanya kazi. Likiwa halina kitu, unarudi kwenye tuta. Mtu mwenye ngozi kama yangu sikio haliwi jekundu hata ulipige kofi, kwa hiyo mimi nilikuwa narudi kila mara.

Mimi nilikuwa na mrusho wangu. Nimekulia Ifakara, na kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege kwenye mashamba ya mpunga. Unafinyanga donge la udongo, unalirusha kwa ubavu, mkono unapita chini usawa wa mbavu, na donge linakwenda likiambaa juu ya mpunga bila kuugusa mpaka linamfikia ndege. Hakuna aliyenifundisha. Siku ya kwanza nilipofika Downsview nilirusha mpira hivyo hivyo, na mpigaji akaruka nyuma akidhani unamfuata yeye, kumbe umepita palepale unapotakiwa. Watu wakapiga makofi. Kocha akainuka kitini, akaja mpaka kwenye tuta, akanishika mkono akauinua kama anayesimamisha mlingoti. "Hapa hatuui ndege," akasema. Sijarusha kwa ubavu tena mbele yake.

Alikuwa na sababu yake, na niliijua mapema. Aliniambia kwenye gari, kwa sababu mambo yake yote aliniambia kwenye gari. Alipokuwa kijana Dar alikuwa akirusha mpira wa kriketi katika klabu ya Wagoa. Katika kriketi mrushaji haruhusiwi kukunja kiwiko na kukinyoosha wakati wa kurusha. Anayefanya hivyo anahesabiwa mdanganyifu. Siku moja mwamuzi akasimamisha mchezo mbele ya familia zote zilizokuja na vikapu vyao vya chakula, akatangaza kwamba mkono wa huyu unakunjwa. Mara ya pili akatangaza tena. Mara ya tatu nahodha akamnyang'anya mpira. Kocha alitoka uwanjani akiwa peke yake, na wasichana kwenye viti walikuwa wanacheka. "Mkono ulikuwa umenyooka," aliniambia tukiwa kwenye foleni ya barabara kuu, zaidi ya miaka arobaini baadaye. "Ulikuwa umenyooka, kijana." Nilimwonea huruma siku hiyo. Naieleza hapa kwa sababu ni haki yake ielezwe. Lakini mtu huyo alikuja kwenye mchezo ambao kukunja mkono ndiyo kazi yenyewe, akawakataza watu wazima kukunja mkono, na huruma yangu haifiki huko.

Ligi yetu ilikuwa na desturi ya kubadilishana wachezaji. Katikati ya kiangazi makocha walikutana kwenye meza moja, wanakula sambusa, wanaambiana nani ana nini na nani anataka nini. Mrushaji aliyebishana na Kocha mara tatu alijua kabisa kwamba sambusa zikija anakwenda. Kocha alikuwa hajui kuwabadilisha watu kwa faida. Mmoja alimtoa akapata mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira, mwenye goti bovu. Mwingine, Mkongo mmoja mrefu mpole aliyekuwa anasema "pardon" kila akimgonga mtu na mpira, alimtoa akarudi na hema la kivuli na jagi kubwa la maji lenye bomba. Jagi lilikuwa linavuja. Mkongo akawa mrushaji bora wa ligi mwaka ule, na sisi tukawa tunakunywa maji ya vuguvugu chini ya hema tukimtazama.

Aliyeniuma zaidi ni Oti, Mkenya, rafiki yangu wa ghalani, aliyekuwa anaendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo. Oti kwetu alikuwa kichekesho. Mkono wima, sikio limeguswa, na mpira unakwenda juu ya kichwa cha mdakaji mpaka maegesho ya magari. Kocha akampeleka timu ya Unionville, mbali, upande mwingine wa mji. Jumamosi iliyofuata tukacheza na Unionville, na Oti akatutoa mmoja mmoja kama mtu anayeng'oa magugu. Mkono wake ulikuwa umeshuka, kiwiko kimekunjwa, na alikuwa anatabasamu.

Baada ya mchezo nilimfuata kwenye maegesho. "Wamekufanya nini kule?" nikamuuliza.

"Buda, hakuna kitu wamenifanya. Kocha wa huko aliniambia tu nishushe mkono, niwache stori za sikio. Siku ya kwanza. Hata sijarusha mpira moja, hajaniona, ananiambia shusha mkono."

"Hajakuona?"

"Hajaniona! Huyo kocha wetu ni noma. Wewe toka kwa huyo mzee. Omba akutrade, akubadilishe kama mimi. Bega lako litakwisha, nakushow."

Nilimwambia hajui anachosema. Ndiyo, nilisema hivyo. Nikasimama pale kwenye lami nikamtetea Kocha, nikasema warushaji wanakomaa wakifika umri fulani, nikasema Unionville wana uwanja mzuri zaidi, nikasema bahati. Maneno yote hayo yalikuwa ya Kocha. Yeye, aliyetaka kocha wa timu kubwa afukuzwe kabla ya chakula cha jioni, alikuwa akiulizwa kuhusu warushaji wake mwenyewe anakunja uso na kusema, "Bahati tu. Na upepo wa huko ni mwingine." Upepo wa Unionville! Nami nikawa nauuza upepo huo huo kwa marafiki zangu.

Nieleze sasa habari ya gari. Kocha alikuwa hajui kuendesha na hakutaka kujifunza. Alikuwa anakaa Mississauga, mji wa jirani, kwenye fleti ghorofa ya tisa, na mimi nilikuwa nakaa Downsview, dakika tano kwa miguu kutoka uwanjani. Jumamosi asubuhi nilikuwa nakwenda Mississauga kumchukua, namleta Downsview, jioni namrudisha Mississauga, kisha narudi kwangu. Safari nne kila wiki, na katikati ya wiki safari nyingine za daktari, kinyozi na misa za wafu. Treni alisema ina ngazi. Basi alisema linamtikisa goti. Katika kidroo cha dashibodi ya gari langu kulikuwa na pipi zake za kifua, miwani yake ya pili na rozari. Mtu akipanda gari langu na kufungua kidroo alikuwa anadhani gari ni la mzee mgonjwa. Pipi zikiisha alikuwa anagonga kidroo kwa kidole mara mbili, nami najua ni wakati wa kununua nyingine.

Rehema alivumilia miaka miwili. Mwaka wa tatu akaniuliza, anakunja nguo, hata hajaniangalia, "Hivi huyo mzee anakufundisha kurusha mpira au anakufundisha udereva?"

Nikamwambia asimseme vibaya mtu mzima.

"Sijamsema vibaya. Nimeuliza."

Na wala sitaki msomaji adhani alikuwa mtu mbaya moja kwa moja, ingawa ingenirahisishia. Bega langu lilipoanza kuuma, yeye ndiye aliyekuwa analikanda. Alikuwa anapiga magoti kwenye nyasi na suruali yake nyeupe, anapaka dawa ya kuchua yenye harufu kali, vidole vyake vya ukarani vinatafuta palipouma mpaka vinapapata. Alijua hasa palipo. Alikuwa anakanda polepole, anaomba Salamu Maria chini kwa chini, na mara mbili nilimwona machozi yakimlengalenga. Kisha Jumamosi inayofuata anakaa kitini na kupiga kelele, "Sikio!" Nikifikiria mikono ile leo nasikia vibaya zaidi kuliko nikifikiria kelele.

Bega liliachia siku moja ya Julai nikiwa na miaka thelathini na minane. Hakukuwa na mlio wowote. Mkono ulipanda ukagusa sikio, na haukushuka kwa nguvu yangu, ulianguka tu. Mpira ukadondoka hatua mbili mbele yangu ukabingirika kwenye nyasi. Ghalani wakanitoa kwenye kupakia wakaniweka mezani kukagua stakabadhi, na ndipo nilipo mpaka sasa. Kocha alikuja hospitali na machungwa. Mtoto wa shemeji yake ndiye aliyemleta, na alilalamika njia nzima jinsi kijana yule anavyofunga breki.

Timu ilivunjika muda si mrefu baadaye, lakini safari hazikuvunjika. Kocha alizeeka, miadi ya daktari ikaongezeka, nami nikaendelea. Nilijiambia ni heshima kwa mzee.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Anahamia Unionville kwa binti yake, vitu ni vingi, nije nimsaidie kufunga maboksi, kisha nimpeleke kwa daktari wa macho saa tisa. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda.

Fleti ilikuwa inanuka dawa ya kuchua. Alikuwa kitini, kile kile cha kukunja, dirishani, anamenya chungwa na kunielekeza kwa kisu. Hiki kinakwenda, hiki hakiendi. Chini ya kabati kulikuwa na jalada la kadibodi lenye jina la timu. Nikauliza kama linakwenda.

"Hilo barua tu," akasema. "Tupa."

Kocha alikuwa karani miaka thelathini, na karani wa enzi yake hatumi barua bila kubaki na nakala. Nilifungua ili nione kama kuna picha za timu. Zilikuwa nakala za barua, zimepangwa kwa miaka, kwa Kiingereza chake cha ofisini, zote kwa makocha wa timu nyingine. Kila mrushaji aliyemtoa alikuwa na yake. Kuhusu Mkongo aliandika: tafadhali mwache akunje kiwiko, ana nguvu ambazo hapa hazikupata nafasi. Kuhusu Oti aliandika: usimwambie habari za sikio, mwambie siku ya kwanza kabisa ashushe mkono, atakushangaza. Zilikuwa barua fupi, za adabu, na kila neno lilikuwa sahihi. Nilikaa chini kwenye zulia nikazisoma zote.

Ya mwisho haikuwa nakala. Ilikuwa ndani ya bahasha, imefungwa, ina jina la kocha wa Unionville, na tarehe yake ilikuwa ya kiangazi changu cha tatu. Niliichana. Aliandika kwamba anamleta mrushaji bora aliyewahi kumwona katika ligi hii. Kwamba anarusha kwa ubavu, mrusho aliokuja nao kutoka kwao, na asiguswe hata kidogo, kwa sababu mkono wa juu utamharibia bega.

Niliinuka nikamshikia karatasi mbele ya uso. "Kocha. Hii ni mimi."

Akavaa miwani, akasoma yote, kwa utaratibu, mpaka sahihi yake. "Ndiyo," akasema. "Ni wewe."

"Kwa hiyo ulijua."

"Macho yalikuwa mazuri wakati ule."

"Ulijua, na ukaendelea kupiga kelele sikio. Miaka minane baada ya barua hii!"

"Ulitaka niseme nini, kijana? Nisimame mbele ya timu, mimi, niwaambie kunjeni mikono?" Kisu kilikuwa kimesimama kwenye chungwa. "Wengine niliwapeleka wanakoweza kuambiwa. Niliwatafutia watu wa kuwaambia."

"Na mimi? Mbona hii haikwenda?"

Alitazama nje, huko chini yanakopita magari. Nilitaka aseme alinipenda kama mwanawe. Aibu yangu ni hiyo, kwamba hata wakati ule nilikuwa tayari kusikia hivyo na kumsamehe palepale.

"Ungeenda Unionville," akasema. "Nani angenirudisha huku? Treni ile ina ngazi."

Alisema wazi, bila kupunguza wala kuongeza, kama mtu anayetaja anwani yake. Kisha akakata kipande cha chungwa, akakichovya kwenye pilipili, akaninyooshea kwenye ncha ya kisu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshafika nusu ya njia kukipokea kabla sijauona. Niliurudisha. Akakila mwenyewe.

Nimeshalaani watu maishani mwangu kwa makosa madogo kuliko haya. Pale nilikuwa na maneno yote tayari, ya Ifakara na ya Downsview, na yalinifika mpaka mdomoni. Nilimtazama shingo yake nyembamba ndani ya kola iliyopigwa pasi, nikamchukia kwa chuki safi kabisa, halafu saa ya ukutani ikaonyesha saa nane na nusu.

"Tutachelewa macho," akasema, akainuka, akachukua kofia.

Nikachukua funguo.

Tukashuka, tukaingia kwenye gari. Barua ilikuwa mfukoni mwangu na ilikuwa inakwaruza kila nikigeuza usukani. Tulipofika taa nyekundu ya kwanza alikohoa, akanyoosha kidole akagonga kidroo cha dashibodi mara mbili, kisha akakifungua mwenyewe. Pakiti ya pipi za kifua ilikuwamo, mpya, haijafunguliwa. Nilikuwa nimeinunua asubuhi ile njiani, pamoja na petroli, bila yeye kuniomba.